Mwaka Nilioitetea Ile Ingine

Sikujua. Nianzie hapo, kwa kuwa neno hilo nimelikwepa kuliko nilivyowahi kumkwepa daktari wa meno. Kwa miaka karibu thelathini watu wa Kitale na Bungoma wamenisifu kwa ujasiri wa Jumapili moja ya mwezi wa kumi na moja. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, nikasimama katika chumba cha video cha Mzee Sikuku na kumwambia usoni jambo ambalo wanaume wenye ndevu walikuwa wakilizunguka kama shimo la choo. Sifa hizo nimezipokea. Mtu akiniuliza, "Kwani ulijua ulichokuwa unasema?" mimi hutabasamu lile tabasamu la watu walioandika vitabu viwili, nikajibu, "Wewe unaonaje?" Na wale wachache waliowahi kusema kwamba labda sikujua, niliwakatalia kwa ukali mpaka wakaniomba radhi. Sasa basi. Sikujua. Nilidhani tunazungumza kuhusu filamu.

Mwaka huu nilialikwa Bungoma kwenye harusi ya binti mkubwa wa Wafula. Wafula mwenyewe ana kitambi siku hizi, na miwani ya kusomea inamning'inia kifuani, lakini sauti yake ni ile ile: akisema tu "karibuni chakula" unageuka kuona nani anafukuzwa na helikopta. Waliniketisha meza ya wazee, jambo ambalo bado nalitafakari. Meza ya pili, vijana wawili wa upande wa bwana harusi walikuwa wameinamia simu. "Si uangalie mwenyewe, buda. Orodha ndio hii. Hiyo haiko." "Orodha ya nani? Kwani si ni yule msee mmoja anaigiza?" "Ni yeye, lakini kampuni si ile." "Sasa kampuni ndiyo inaruka kutoka kwa ndege?" Nilishusha kijiko. Miaka yote hii, na hoja ni zile zile, hata koma haijaongezwa. Kabla sijawaingilia, mshereheshaji akanyanyua kipaza sauti. "Tuko na mama mmoja hapa, mama mwandishi! Bila yeye hakungekuwa na hii harusi, kwa sababu hakungekuwa na harusi ya baba ya bibi harusi! Alimwambia mzee ukweli, machoni!" Vigelegele. Nikapewa kipaza sauti, nikasema, "Niliona tu ni haki," nikaketi. Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima, na mmoja wao akanisogezea firigisi ya kuku, kipande ambacho Bungoma mwanamke hapewi hivi hivi. Niliila. Kooni ilipita vizuri. Imekuja kunikaba baadaye, hapa kwenye meza yangu ya kuandikia.

Mwaka wenyewe ulikuwa ule wa kungoja. Enzi zetu, ukimaliza kidato cha nne na ukapata alama za chuo kikuu, uliambiwa ukae mpaka nafasi ipatikane, kama mgonjwa kwenye benchi la zahanati. Nilipelekwa Kitale kwa Shangazi, Mama Njeri, aliyekuwa na duka la rejareja nyuma ya soko. Asubuhi nilikuwa nimsaidie kupima sukari na mafuta ya taa, na mchana niende maktaba ili, kwa maneno yake, kichwa kisipate kutu. Katika insha zangu nimewahi kudokeza kwamba akili yangu ilijengwa katika maktaba ile. Ni kweli niliingia. Nilichagua vitabu vinene, vyenye majalada magumu, nikavibeba kwapani barabara nzima ili nionekane, kisha nikazunguka nyuma ya duka na kuingia mlango wa jirani. Vitabu hivyo vilinifaa sana. Mabenchi ya Mzee Sikuku yalikuwa mafupi, na mtu wa kimo changu alihitaji kitu cha kukalia.

Chumba nilichopewa kilikuwa stoo ya duka. Nililala kati ya magunia ya sukari na katoni za sabuni ya mche, na mpaka leo nikinusa sabuni ile napata njaa, kwa sababu hapo ndipo nilipokula githeri yangu ya mahindi na maharagwe. Ukuta wa upande mmoja ulikuwa wa mbao, na nyuma ya mbao hizo ndipo palipokuwa na video. Mwezi wa kwanza sikuingia. Nilisikiliza tu. Nilijua filamu za Meja kwa masikio kabla ya kuzijua kwa macho, na nilipokuja kuona sura zenyewe nilishangaa kwamba Meja ni Mzungu. Kwenye ukuta wangu Meja alikuwa mtu wa Bungoma. Akiingia katika kasri la adui husema, "Hodi hapa! Wenyeji wako?" Mrembo akimletea kinywaji, huuliza kama kimechemshwa. Akining'inia kwenye kamba juu ya bonde la barafu, hulalamika kwamba mkubwa wake hajamlipa marupurupu ya kazi ya nje. Maneno yote hayo yalikuwa ya Wafula, kijana wa miaka ishirini na tano aliyeketi kando ya televisheni na kipaza sauti, akitafsiri kila filamu kwa wateja ambao Kiingereza chao kilikuwa kama changu, yaani cha kujibia mtihani. Kutafsiri ni neno la heshima. Wafula alikuwa akitunga.

Niwaeleze walio wachanga habari ya Meja. Zilikuwa filamu nyingi za jasusi mmoja, za kampuni moja, zilizokuwa zikitoka tangu kabla sijazaliwa. Kila moja ilianza na tarumbeta. Kila moja ilikuwa na bosi yule yule mwenye kiko, akiketi nyuma ya meza ile ile. Mwigizaji akizeeka, aliletwa mwingine kijana, naye akaitwa Meja, na maisha yakaendelea. Kisha ikatokea kwamba yule Meja wa kwanza kabisa, aliyekuwa amestaafu zamani, alirudi na mvi zake katika filamu iliyotengenezwa na watu wengine, waliodai kwamba hadithi ile ni yao pia. Tarumbeta haikupigwa. Bosi alikuwa mwingine, na hakuvuta kiko. Lakini Meja alikuwa ndiye. Ilikuwa na jina lake refu, ambalo Kitale hakuna aliyelitamka. Sisi tuliiita Ile Ingine. Mzee Sikuku aliinunua kaseti yake mwenyewe, sokoni Bungoma, akaiweka kabatini pamoja na zingine, na kuionyesha siku za Jumanne wakati wateja ni wachache. Lakini kila wiki ya Krismasi, alipoonyesha filamu za Meja zote kwa mpangilio, ya kwanza hadi ya mwisho, Ile Ingine aliiruka. "Hiyo haimo," alisema. Ukiuliza kwa nini haimo, alifungua chupa yake ya chai na kumimina.

Sasa niseme lile ambalo mtaa mzima ulilijua. Wafula alikuwa mtoto wa Mzee Sikuku. Alimpata na mama mmoja wa Bungoma kabla ya ndoa yake ya kanisa, na mchungaji alipomuuliza kama ana mtoto popote, alijibu hana. Baada ya hapo akawa mzee wa kanisa, halafu mweka hazina, halafu mwenyekiti wa ujenzi, na kila cheo kikawa kama kitasa kingine kwenye mlango ule ule. Kijana alipokua, alimwita Kitale "aje anisaidie kazi". Alimpa chumba, alimnunulia viatu, alikula naye ugali na mrenda katika sahani moja. Kitu pekee ambacho hakumpa ni lile neno. Mkewe, Mama Rebeka, aliyekuwa akilima mahindi Tongaren na watoto wao, alijua, na kila Krismasi alimtumia Wafula soksi. Wateja walijua. Shangazi alijua. Aliyeamini kwamba hakuna anayejua ni Mzee mwenyewe, na katika mji wote ni mimi peke yangu niliyemtimizia imani hiyo.

Mwaka ule jambo hilo lilishikwa na haraka. Wafula alikuwa na mchumba, Nanjala, binti wa Myanga, msichana mpole mwenye kicheko kikubwa kuliko mwili wake, aliyekuja Kitale siku za soko kuuza vitenge. Wafula alikwenda kwao na wajomba zake, ndugu za mama yake, wakiwa wamevaa makoti. Baba ya Nanjala akawapa chai, akawapa kuku, kisha akasema, "Wajomba nimewaona, nashukuru. Sasa nataka baba. Kama angekuwa amekufa, ningesema ni sawa. Lakini baba yuko hai, yuko Kitale, tena nasikia anakula vizuri. Aje aseme kijana ni wake. Krismasi ikipita kama hajakuja, kuna mwalimu hapa jirani ameniuliza kuhusu huyu msichana, na yeye baba yake alikuja hata kabla hajaitwa." Wafula hakumwomba Mzee. Alisema hatamwomba. Mimi alinisimulia nusu tu ya mambo, siku moja tukila mandazi nyuma ya duka: kwamba kina Nanjala wanataka kumwona baba. "Si umpeleke?" nikamwambia. Akanitazama kwa muda mrefu, jinsi mtu anavyomtazama kuku aliyeingia kanisani. "Hajasema," akajibu. Nikamhurumia kwa kuwa na baba asiyeweza kuamua. Nikamshauri amwandikie barua.

Ungefikiri ningeng'amua kwa kumsikiliza tu akiitafsiri Ile Ingine. Katika filamu zingine alikuwa akichekesha. Katika hiyo, kuna mahali Meja mwenye mvi anasimama mbele ya bosi mpya, na kwa Kiingereza, nilivyokuja kugundua, anaomba gari. Wafula alishusha sauti. "Mkubwa," akasema Meja wa Wafula, "mimi sikuja kuomba mali. Mali mko nayo, kaeni nayo. Nimekuja kuuliza kitu kimoja. Mkisoma majina ya watu wa hii nyumba, langu mtalisoma lini?" Mlangoni Mzee Sikuku akaanza kutafuta kitu ndani ya mfuko wa koti, na mimi, juu ya vitabu vyangu vya maktaba, nikajiambia kwamba nimeshuhudia sanaa ya hali ya juu. Niliwaza jinsi alivyoipa filamu hafifu uzito wa tamthilia. Niliwaza hata kuandika tasnifu. Mwezi wa nane Mama Rebeka alikuja kutoka Tongaren kuuza maharagwe, akaketi benchi la mbele siku ya Jumanne, akatazama Ile Ingine mpaka mwisho, na wakati wa kutoka akasema kwa sauti ya kusikika, "Katika hizi zote, mimi hii ndiyo napenda." Mzee alimwaga chai.

Jioni moja tulipokuwa tukichambua mahindi ya githeri, Shangazi alisema bila kuinua kichwa, "Nasikia Jumapili kuna mkutano hapo kwa Sikuku. Wateja wanataka kuamua ile kaseti kama itaonyeshwa Krismasi na zingine. Wanatafuta mtu wa kuitetea. Wewe si ulikuwa unashinda midahalo shuleni?"

"Anti, mimi sijui mambo ya video."

"Kicheko chako kinanifikia kwa ukuta tangu mwezi wa tano," akasema Shangazi. "Hata vile unakohoa nakujua. Vaa ile sketi ya bluu."

Mtu ambaye hajakaa magharibi mwa Kenya atadhani mashabiki wa video hubishana kwa kelele. Kwetu jambo likiwa zito huundiwa kamati. Tulikutana baada ya ibada, watu wakiwa bado na Biblia mikononi. Mwenyekiti alikuwa Chemtai, muuza viazi wa Kapsokwony aliyekuwa akishuka na magunia yake kila Jumamosi, na alichaguliwa kwa sababu mtu wa mlimani, walisema, hana upande. Tulifungua kwa maombi. Tukathibitisha kumbukumbu za mkutano uliopita, ingawa hakukuwa na mkutano uliopita. Kisha Chemtai akasoma ajenda ya pili. "Ile Ingine. Imo, ama haimo. Wa kupinga ataanza. Na tafadhali, watu waongee na nidhamu, kwa maana mwenye nyumba yuko hapa." Mwenye nyumba alikuwa mahali pake pa siku zote, kwenye kiti karibu na mlango, koti limefungwa vifungo vyote, chupa ya chai magotini. Wafula, kwa kuwa alikuwa mfanyakazi, hakuruhusiwa kusema. Alisimama kando ya televisheni iliyozimwa, mikono nyuma.

Aliyepinga alikuwa Barasa, fundi wa cherehani, mtu wa Bungoma aliyekuwa hodari wa maneno siku nyingine zote. "Bwana mwenyekiti," akasema, "mimi sina mengi. Hiyo firamu haina tarumbeta. Firamu ya Meja bira tarumbeta ni kama harusi bira mchere. Ya piri, bosi si yure. Ya tatu, kampuni si ire. Ni hayo tu." Akaangalia viatu vyake. Mtu wa nyuma akadakia, "Barasa, kwani leo umelipwa unyamaze?" Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha. Nilimdharau Barasa siku hiyo. Nilidhani amekosa maandalizi.

Nikasimama. Nilikuwa nimefanya maandalizi ya kutosha bunge. "Bwana mwenyekiti, mpinzani wangu anatuambia habari ya kampuni. Nauliza: kampuni ndiyo Meja? Kampuni ni nyumba tu alimozaliwa. Je, mtu akizaliwa nyumba ya pili, anakuwa mtu mwingine?" Mahali fulani benchi lililia. "Tumtazame mwenyewe! Tuache makaratasi, tutazame sura. Paji la uso ni lile lile. Masikio ni yale yale. Anavyoingia chumbani anatanguliza bega la kushoto, ni vile vile. Kabla ya kusema jambo zito anakohoa kidogo hivi, ni kikohozi kile kile!" Hapo watu walifanya kitu ambacho midahalo ya shule haikunizoesha. Badala ya kunitazama mimi, waligeuza vichwa polepole kumtazama Wafula, kisha mlangoni, kisha Wafula tena. Nikadhani wanaona haya kwa uzito wa hoja zangu. Nikapandisha sauti. "Na wewe mwenye kabati! Kaseti uliinunua kwa mkono wako. Umeiweka ndani na zingine. Umeipangusa vumbi. Kila Jumanne unaila faida yake. Halafu siku ya sherehe, siku majirani wote wamekuja, unasema haimo? Basi kama haimo, itoe kabatini! Na kama iko kabatini, simama uwaambie watu kwamba imo! Kuna ugumu gani?"

Hakuna aliyepiga makofi. Nilikuwa nimezoea makofi. Kutoka mlangoni kulitoka kikohozi kidogo, ambacho kingeweza kuwa cha Meja, na sauti ya kifuniko cha chupa kikifungwa ingawa chai haikuwa imemiminwa. Barasa akainuka. "Bwana mwenyekiti," akasema, na sasa sauti yake ilikuwa nzito, "mimi nimeshindwa. Kweri kabisa." Chemtai akaendelea. "Ajenda ya tatu. Mengineyo. Kuna mtu ako na mengineyo?" Akangoja. Sijawahi kuona mwenyekiti akingoja mengineyo kwa muda ule. Chumba kizima kilikuwa kikitazama sakafu kwa bidii. "Hakuna," akasema Mzee Sikuku hatimaye. "Fungeni." Chemtai akamwita Wafula aombe. Bila kipaza sauti alikuwa na sauti ndogo, ya kawaida. Alimshukuru Mungu kwa siku, akawaombea wasafiri wa Kapsokwony, akaomba mwenye nyumba hii apewe afya na miaka mingi. Mimi nilisema amina kwa furaha ya mshindi.

Mzee aliniita watu walipokuwa wakitoka. Nilidhani ananipongeza. "Msichana wangu," akasema, "nani amekutuma?"

"Hakuna, Mzee. Ni mimi nimeona mwenyewe."

"Na hawa watu. Nikiiweka na zingine, hawatanicheka?"

"Wakucheke kwa nini, Mzee? Wote wanajua ni yake. Wanangoja wewe tu useme."

"Wote?"

"Hata watoto wa mtaani, Mzee."

Akavuta pumzi. "Na Mama Rebeka? Huyo ni mtu wa kanisa. Atasema nini?"

"Si Mama Rebeka alisema hapa hapa kwamba katika zote hiyo ndiyo anapenda?" nikamwambia. "Mzee, huyo hana shida. Ni wewe uko na shida." Leo nikikumbuka sentensi hiyo ya mwisho natamani kujifunika kanga usoni. Nilimwambia mtu wa umri wa babu yangu kwamba yeye ndiye mwenye shida, kwa ajili ya kaseti, kisha nikachukua vitabu vyangu benchini na kwenda zangu kula. Alibaki mlangoni, na alipoinua mkono nilidhani ananiaga. Alikuwa akijifuta uso.

Shangazi alikuja kunieleza yote miaka mingi baadaye, akiwa mgonjwa na mwenye mzaha mkali zaidi. Mkutano ule aliupanga yeye na Barasa, na Chemtai, juu ya magunia ya viazi. Walikuwa wamechoka kumtazama kijana akikaribia kupoteza mke, na hakuna aliyethubutu kumwambia Mzee, maana kila mmoja alikuwa na deni la adabu kwake: huyu alibatiziwa mtoto, yule alizikiwa mama. Wakakubaliana wazungumze kuhusu kaseti mbele yake mpaka mwenyewe aelewe. "Lakini nani angeongea?" Shangazi aliniambia. "Barasa akisema, Sikuku angejua ni yeye anasemwa. Mimi nikisema, ningetetemeka. Tulitafuta mtu wa kusema kwa moyo safi. Tukaona mtu wa namna hiyo ni mmoja tu hapa Kitale, na analala kwa stoo yangu." Nilimuuliza kama walikuwa na hakika kabisa kwamba sikujua. Alicheka mpaka nesi akaingia. Hapo nilijifunza kuhusu kazi yangu jambo ambalo chuo kikuu kilisahau kunifundisha: mara nyingine mwandishi hupewa nafasi ya kusema kwa sababu ndiye peke yake asiyejua anachosema. Nimejitahidi kujisahaulisha somo hilo, na kwa sehemu kubwa nimefaulu.

Siku mbili zikapita. Jumanne Ile Ingine haikuonyeshwa, wala hakukuwa na filamu yoyote. Chumba cha video kilifungwa, na Mzee hakuonekana. Wafula alikaa nyuma ya duka akichonga kijiti kwa kisu bila kusudi, na nilipomuuliza kama anaumwa akasema, "Yunivasiti, wewe nenda tu maktaba." Nilikwenda. Kwa mara ya kwanza nilisoma kweli, kwa huzuni, nikiamini nimemharibia kazi kwa kushinda mdahalo.

Jumatano, saa za asubuhi, Mzee Sikuku aliingia dukani. Alikuwa amevaa suti ya kanisani na kofia, na viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu wa Tongaren. Alimsalimu Shangazi, akauliza habari za nyumbani, habari za biashara, habari za mvua, kisha akaomba kutumia simu. Simu ya duka ilikuwa juu ya kaunta, kati ya mizani na mikate. Mimi nilikuwa nikipima sukari. Alitoa mfukoni kikaratasi chenye nambari, akaomba apigiwe Myanga, kwenye mashine ya kusaga unga, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa na simu karibu na nyumba ya kina Nanjala. Shangazi akazungusha nambari bila kuuliza lolote. Wakaenda kumwita baba ya Nanjala, na wakati wote huo Mzee alisimama wima na mkono wa simu sikioni, na kutoka ndani yake hata mimi niliweza kusikia ile mashine ikinguruma huko Myanga, ikisaga mahindi ya watu.

"Haro!" Mzee akasema. "Haro! Ni Sikuku. Sikuku wa Kitare." Akasikiliza. "Sikuku! Nasema nakuja huko Jumamosi. Juu ya kijana. Nakuja juu ya kijana!" Mashine ikanguruma. "Kama nani? Nakuja kama..." Akatazama mlangoni. Wanawake wawili walikuwa wamesimama wakichagua vitunguu. Barasa alikuwa ameacha cherehani yake barabarani na kusogea. Mzee akakohoa kidogo. "Kama baba," akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Mashine ikaimeza. "Nasema baba! Baba yake! BABA YA WAFULA!" Sukari ilimwagika kwenye kaunta, nami sikuiona ikimwagika, kwa sababu mambo yote niliyosema Jumapili yalikuwa yakinirudia, moja baada ya jingine, kila moja likiwa na uso wake wa kweli: masikio, bega, kikohozi, kabati. Shangazi hakunitazama. Alikuwa ameshika mdomo kwa mikono yote miwili. Nje Wafula alikuwa amesimama katikati ya barabara, kisu na kijiti mkononi, hasogei.

"Hapana, si yure!" Mzee alikuwa akipiga kelele sasa, mshipa wa shingo umemtoka, kofia imesogea nyuma. "Wa Tongaren ni wengine! Huyu ni mkubwa wao! Ndiyo, mwenyewe najua nirisema hivyo, rakini sasa nasema hivi! Huyu ndiye wa kwanza! WA KWANZA WANGU!"

Huko Myanga mtu alizima mashine. Ukimya ukaja kupitia waya mpaka dukani kwetu, na Mzee, aliyekuwa amevuta pumzi ya kupiga kelele tena, akajikuta hana anayeshindana naye. Akaiachia pumzi ile. Akasogeza simu karibu na mdomo.

"Ndiyo," akasema polepole. "Wa kwanza."